Vijidudu Dume na Jike

Shemeji hakuwa shemeji wa mtu yeyote. Hakuwa na dada aliyeolewa wala mke mwenye ndugu, lakini katika kila mji alikopita jina lilimganda, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akibisha hodi: "Shemeji, mpo?" Na mwenye nyumba, kabla hajaukagua ukoo wake vizuri, alikuwa ameshampa kiti, chai, na mara nyingine siri za ndani. Maana katika watu wote wa duniani, shemeji ndiye asiyeulizwa kitambulisho.

Siku mambo haya yalipoanza alikuwa mgeni mjini, na aliingia ofisi ya kilimo kwa sababu mbili za msingi: nje mvua ilikuwa inanyesha, na ndani kulikuwa na birika linalofuka moshi. Akajimiminia chai, akaketi nyuma kama mtu aliyealikwa.

Mbele alisimama bibi shamba, mwanamke mwembamba mwenye buti za mpira. Mkononi alishika mche wa soya, na mizizi yake ilikuwa ikidondosha tope juu ya meza ya serikali.

"Mnaona hivi vinundu?" aliuliza. "Huu si ugonjwa. Hivi ni vyumba, na humo ndani wanakaa wapangaji, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hewa hii tunayovuta imejaa naitrojeni, na mmea unaitaka kama mtoto anavyotaka maziwa, lakini hauwezi kuila hivihivi. Basi vijidudu vinaichukua, vinaipika, vinaupa mmea. Mmea nao unavilipa sukari. Hakuna anayemdai mwenzake."

Akapasua kinundu kimoja kwa ukucha, akakiinua. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi.

"Kikiwa hivi, kazi inafanyika. Kikiwa cha kijivu au kijani, ujue una wapangaji wasiolipa kodi."

Wakulima wakacheka. Shemeji hakucheka, kwa kuwa alikuwa kazini. Watu wote walikuwa wanauangalia mzizi. Yeye alikuwa anawaangalia watu. Na katika viti vya kati macho yake yakamwona mama mmoja mnene, kilemba cha zambarau, mkoba umekumbatiwa kama mtoto mwenye homa.

Huyo alikuwa Mama Mizani, mjane na mnunuzi mkubwa wa soya, mwenye ghala karibu na maegesho ya malori. Jina lake lilitokana na mizani yake, chombo chenye huruma kwa upande mmoja tu. Gunia lililotoka nyumbani limenona likifika pale lilikonda ghafla, kama mtu aliyepewa habari mbaya.

Mama Mizani akanyoosha mkono. "Hivyo vijidudu, vinazaana?"

"Vinazaana, mama."

"Vyenyewe?"

"Vyenyewe."

"Bila kulipwa?"

Bibi shamba akaeleza kwa utaratibu kwamba unga wa vijidudu hutengenezwa na wataalamu kwenye vyombo safi, kwamba si jambo la kufanyia jikoni, na kwamba pakiti moja ni rahisi mno ukilinganisha na mfuko wa mbolea. Lakini uso wa Mama Mizani ulikuwa umeshaondoka mkutanoni. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia kwamba kuna kuku anayetaga bila kula.

Shemeji akaweka kikombe chini taratibu. Fundi bomba husikia maji yanapita chini ya sakafu. Yeye alikuwa anasikia tamaa.

*

Alikuwa akiishi na Shangazi katika vyumba viwili nyuma ya kibanda cha fundi viatu. Shangazi alikuwa shangazi yake kwa njia ileile ambayo yeye alikuwa shemeji wa watu. Ndiye aliyemfundisha kazi. Katika ujana wake bibi huyu aliwahi kuwa mjane wa wanaume kadhaa ambao hawakupata kuzaliwa, na rambirambi za misiba yao alizila kwa unyenyekevu. Sasa magoti yalikuwa yamemstaafisha, akabaki na ushauri.

Alimkuta Shemeji anatwanga mkaa kwenye kinu.

"Tunapika nini?" akauliza.

"Mama wa vijidudu. Namuuzia yule mnunuzi wa soya mbegu ya asili. Azalishe mwenyewe, auze pakiti mji mzima, asimtegemee mtu tena mpaka kiama."

Shangazi alichovya kidole kwenye unga, akaunusa. "Ongeza mchanga kidogo. Mkaa mtupu unajulikana." Kisha akakaa kwenye kigoda. "Na chombo kimoja tu?"

"Kwani viwe vingapi?"

"Mwanangu, mtu mwenye tamaa usimuuzie kitu kizima. Muuzie nusu, halafu nusu nyingine mnyime. Atakufuata kwa magoti. Fanya dume na jike."

Shemeji aliacha kutwanga. Alimtazama mwanamke yule kwa heshima ambayo wengine huwatazamia maprofesa. "Vijidudu dume na jike?"

"Kila kitu kina mwenzake. Nani atakwenda kuchungulia?"

Basi yakatafutwa makopo mawili ya maziwa ya unga, moja likapakwa rangi nyekundu, jingine nyeupe. Likapatikana na koti jeupe la muuza nyama mmoja aliyeacha kazi. Shangazi akalifua mara nyingi, na doa lililokataa kutoka akalifunika kwa mfuko wa kalamu. Shemeji alipojitazama kwenye kioo kilichovunjika pembe, alijiona amesoma.

*

Ghalani kulinukia magunia na vumbi. Mama Mizani alikuwa ameketi kando ya mizani yake kama hakimu.

"Karibu. Wewe ni daktari wa nini?"

"Wa udongo, mama."

"Kumbe udongo nao unaumwa?"

"Wa hapa unaumwa sana," Shemeji alisema kwa huzuni, akaketi bila kuambiwa. "Nimetoka mbali kuja kumwona mtu mmoja tu mwenye akili katika mji huu, na nimeambiwa ni wewe."

Mwanamke akaipokea sifa hiyo kama malipo yaliyochelewa. "Sema."

Ndipo Shemeji akaweka makopo yale juu ya meza, moja kushoto, jingine kulia, mbali kidogo. "Yasikaribiane," alinong'ona. "Wamekaa muda mrefu bila kuonana."

Akaeleza. Kwamba hizo pakiti za madukani ni watoto, tena tasa. Kwamba yeye ndiye pekee aliyebaki na wazazi. Na kwa kuwa mama yule alikuwa anasikiliza vizuri, na ulimi wa Shemeji ukipewa sikio zuri haujui kusimama, akaanza kupamba. Vijidudu hivi, alisema, havipendi kelele: trekta likipita, vinaharibu mimba. Vinajua mkono mmoja tu, wa aliyevilea. Mkono wa mtu baki vinaukataa. Na kila asubuhi ni lazima visalimiwe, kwa sauti, kwa adabu, la sivyo vinasusa.

"Vinasusa," Mama Mizani alirudia, akitikisa kichwa kwa mshangao. "Makubwa haya. Na bei yake?"

Shemeji alikuwa ameshaiona bei yake tangu alipoingia. Ilikuwa imeegeshwa uani chini ya turubai, tairi zake zinachungulia, na ufunguo wake umening'inia kwenye msumari juu ya mizani.

"Mimi si mtu wa pesa, mama. Ila utafiti wangu unahitaji usafiri."

Mama Mizani akafuata macho yake, akashusha pumzi ndefu. "Pikapu ya marehemu mume wangu. Niliapa haitoki hapa mpaka nipate mtu wa maana." Akaupangusa ufunguo kwa pembe ya khanga. "Haya. Shamba langu liko hapo nyuma. Panda soya. Ikistawi nikaona kwa macho yangu, ufunguo huu ni wako, na mimi unaniachia hao mume na mke."

"Bila shaka. Vibarua wako wakishalima, mimi nitakuja..."

"Vibarua?" Mama Mizani alishtuka. "Si vinajua mkono mmoja?"

Shemeji alikohoa. "Ndiyo, lakini kulima tu... trekta linaweza..."

"Daktari! Kelele!"

Shemeji aligeuka, akaliona shamba kupitia mlango wa nyuma. Majani yalikuwa yamefika kifuani, na katikati lilichomoza tairi bovu kama kichwa cha mtu anayezama. Hakuna kibarua wa mji ule aliyekubali kulishika, kwa sababu Mama Mizani alikuwa akipima siku za watu kwa mizani ileile aliyopimia magunia.

Mtu mwenye busara angekumbuka hapo kwamba ana mgonjwa nyumbani. Lakini Shemeji aliutazama ule msumari, na ule ufunguo, na akajiona yuko barabarani, kiwiko nje ya dirisha. Msimu mmoja tu. Watu wanafungwa zaidi ya hapo.

"Kuna jembe?" aliuliza.

"Lipo," alisema Mama Mizani. "La marehemu."

*

Siku iliyofuata Shangazi alikuja kutoa ushahidi. Aliletwa kama mkulima aliyetajirika kwa dawa ya Daktari, akalia machozi mawili ya shukrani, akakaribishwa kiti cha uvivu barazani, na tangu hapo hakuinuka. Mwenye nyumba alikuwa mpweke, mgeni alikuwa na maneno, na birika lilikuwa kubwa. Shemeji alipoinua mgongo kutoka kwenye jembe, aliwaona wawili hao wakinong'ona na kucheka, akajipongeza: Shangazi anafanya kazi nzuri, anamlainisha.

Yeye alikuwa anafanya kazi mbaya. Jembe la marehemu lilikuwa na mpini wenye nyufa na chuki. Mikono yake, ambayo tangu utotoni haikupata kushika kitu kizito kuliko mkono wa mtu mwingine, ilitoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakaota mengine juu yake. Usiku alilala kama gogo, jambo ambalo wezi hawalijui.

Jioni moja, shamba likiwa limekaribia kusafishika, Mama Mizani alimletea maji na habari.

"Daktari, mimi sitaki mambo mengi. Soya ikianza kuchanua nitang'oa mche mmoja, nipasue kinundu kama alivyofanya bibi shamba. Kikiwa chekundu ndani, nitaamini."

Shemeji alikunywa maji yale taratibu ili apate muda. Makopo yake yalikuwa na mkaa, na mkaa ukiupanda unapata mkaa. Shamba lenyewe halijawahi kuona soya, kwa hiyo hakukuwa na kijidudu chochote humo cha kumwonea huruma. Alifikiria rangi. Alifikiria sindano. Kisha, kwa fedheha kubwa, alifikiria jambo ambalo halikuwa limemjia kwa miaka mingi: kununua kitu halali dukani.

Alimkuta bibi shamba anafagia ofisi, ambako pakiti za unga ziliuzwa pia. Mwanamke huyo alitoa pakiti kutoka kwenye friji, lakini hakuiachia.

"Kwanza sikiliza. Vijidudu hivi vina uhai, na jua linaviua. Mbegu changanyia kivulini. Maji kidogo yenye sukari ili unga ushike, halafu unapaka mpaka kila punje iwe nyeusi. Unapanda siku hiyohiyo, udongo ukiwa na unyevu, na unafukia mara moja. Mbegu iliyopakwa dawa ya kuua ukungu usiiguse; utakuwa unakaribisha wageni kwenye nyumba yenye sumu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Rudia."

Shemeji, aliyezoea kurudia mambo ya uongo, alirudia ya kweli bila kukosea.

"Vizuri. Maana siku hizi watu wanadanganyana. Kuna mama kaja hapa kuniuliza eti kama vijidudu hivi vina dume na jike. Nikamwambia, mama, aliyekuambia hayo mfukuze kwa mbwa."

"Mama gani huyo?" Shemeji aliuliza haraka.

"Yule mwenye ghala."

Shemeji alitoka pale anatabasamu. Amekwenda kuulizia dume na jike! Basi amemeza ndoano mpaka kwenye mshipi. Kuhusu jibu alilopewa mama yule, Shemeji hakulitilia maanani. Katika uzoefu wake, mtu mwenye tamaa akiambiwa ukweli huwa anauona kama wivu.

*

Alipanda kama alivyoelekezwa, kwa sababu alikuwa anaogopa. Alichanganya mbegu chini ya paa la ghala, akafukia kila shimo kwa mkono kama anayeficha pesa za watu. Na kila asubuhi, kwa kuwa alikuwa amelisema mwenyewe na mashahidi walikuwapo barazani na vikombe vyao, alisimama kichwani mwa shamba na kupaza sauti:

"Habari za asubuhi, vijidudu! Mmelalaje?"

"Kwa adabu zaidi, Daktari," Mama Mizani alimkumbusha. "Visije vikasusa."

"Shikamooni!"

Barazani Shangazi alipaliwa na chai, akapigwa mgongo.

Soya ikaota. Ikaota, kisha ikawa njano. Shemeji aliiona njano ile asubuhi moja. Alikwenda kwa bibi shamba mbiombio, bila koti, bila kiburi.

"Ndivyo inavyoanza," bibi shamba alimwambia. "Vyumba bado vinajengwa. Vumilia, na palilia."

Akavumilia. Akapalilia. Akafukuza mbuzi wa jirani na akagombana na mwenye mbuzi kwa maneno ambayo yalimshangaza mwenyewe: "Wewe unajua jasho lililomo humu?" Kisha mvua nzuri ilinyesha, na baada yake majani yakabadilika. Yalianza kukolea katikati ya shamba, kijani kikatambaa kwenda pembeni, mpaka shamba zima likawa na rangi nzito ya shamba lililotiwa mbolea, mbolea ambayo hakuna mtu aliyeinunua.

Alasiri moja, hakuna aliyemwona, Shemeji alipiga magoti akang'oa mche mmoja taratibu. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu kama shanga. Alikipasua kimoja. Kilikuwa chekundu.

Alikaa pale kwenye udongo muda mrefu. Alikuwa amepata vitu vingi maishani, na kila kimoja kilikuwa cha mtu mwingine. Hiki hakujua amemwibia nani. Akaukimbiza mche ule barazani, matope mpaka magotini.

"Shangazi! Shangazi, tazama! Chekundu!"

Shangazi alitazama miguu yake. "Sakafu imepigwa deki sasa hivi, mwanangu."

*

Mtihani wa Mama Mizani ulikuwa mfupi. Aling'oa, akapasua, akatazama. "Chekundu kweli," alikubali. Shemeji akanyoosha mkono kwa ajili ya ufunguo.

"Lakini Daktari, tuseme ukweli. Kinundu hakiliwi wala hakiuzwi. Nilisema ikistawi. Ustawi wa soya unajulikana kwenye gunia."

Kwa kawaida Shemeji angelibishia neno hilo mpaka lilie. Safari hii hakubisha sana. Maganda yalikuwa yameanza kujaa, na moyoni, pasipo kumwambia mtu, alitaka kuona mwisho wake.

Akavuna mwenyewe. Majani yalipopukutika na maganda yakaanza kulia kama njuga, aling'oa, akaanika, akapiga kwa fimbo, akapeta mpaka nyusi zikawa nyeupe. Magunia yakajipanga kwenye mlango wa ghala, yamevimba vizuri. Mama Mizani akapandisha la kwanza kwenye mizani.

"Dogo kidogo," alisema.

"Nini?"

"Nasema limepungua."

"Limepungua wapi?" Shemeji alifoka. "Gunia hili nimelishindilia mwenyewe kwa ngumi! Mama, hiyo mizani yako ni mwizi! Huoni haya? Mtu ametoka jasho msimu mzima, wewe unamwibia mchana kweupe!"

Alijisikia akiyasema hayo na akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekutana na jirani mahali pasipofaa. Katika maisha yake yote wizi haukuwahi kumuudhi.

Mama Mizani hakukasirika. Alinyoosha mkono, akautoa ufunguo kwenye msumari, akampa. "Umenena, Daktari. Ahadi ni deni. Gari lako hilo."

Shemeji aliuchukua akaenda uani kwa hatua za bwana harusi. Alivuta turubai. Pikapu ilikuwa ya bluu, mlango ukafunguka vizuri, kiti kikampokea. Akatia ufunguo, akazungusha. Hakukusikika kitu. Akazungusha tena. Hapo mbele, chini ya boneti, kitu kikajibu: kokoko.

Alishuka, akafungua boneti. Mahali pa injini palikuwa na nyasi kavu, mayai kadhaa, na kuku mmoja mwekundu aliyemtazama kwa hasira ya mwenye nyumba.

"Injini iko wapi?" aliuliza.

"Tuliiuza mwaka ule wa msiba," Mama Mizani alijibu kutoka mlangoni. "Hukuuliza injini."

"Uliniambia gari!"

"Na wewe uliniambia dume na jike."

Upepo ulipita ukatikisa turubai. Shemeji alimtazama mwanamke yule, naye akamtazama, na kwa mara ya kwanza walionana vizuri, kama mafundi wawili wa kazi moja.

"Tangu lini ulijua?"

"Koti lako ni la muuza nyama. Nilikuwa nanunua nyama kwake. Lakini sikuwa na hakika kama utaweza kulima, mpaka aliponihakikishia mwenzangu huyu."

Shemeji aligeukia baraza. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, anachagua mawe kwenye sinia la soya.

"Shangazi," alisema polepole. "Simama tuondoke."

"Tangulia tu, mwanangu. Mimi nina chumba hapa. Kina dirisha."

"Umeniuza?"

"Nimekukodisha," Shangazi alisema bila kuinua macho. "Kukuuza, nani angekununua? Siku ya pili tu nilimweleza mama huyu kila kitu, akasema ana shamba limemshinda na vibarua wamemkimbia. Nikasema ninaye mmoja, ana nguvu, ila hajui kwamba anafanya kazi." Akatupa jiwe dogo uani. "Halafu usinitazame hivyo. Umenenepa mabega. Ulikuwa unakohoa kila asubuhi, sasa hukohoi."

"Nilikuamini!"

Hapo Shangazi akainua macho, na palikuwa na masikitiko ya kweli ndani yake, masikitiko ya mwalimu. "Hilo ndilo lililonisikitisha na mimi. Nilikufundisha nini miaka yote hiyo?"

*

Shemeji alifika mpaka ng'ambo ya barabara, mkabala na kituo cha polisi. Akasimama pale, akijaribu kuyapanga maneno: Afande, nilimuuzia mama mmoja mkaa na mchanga, naye akanipa gari lenye kuku... Aliyapanga upya, akaanzia mwisho, akaanzia katikati. Kila alikoanzia, aliyefungwa alikuwa yeye. Akaenda zake.

Alihamia mji mwingine, akanunua koti jingine, la kijivu, na akawa mkaguzi wa bima za moto. Mtu wake wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mwanamume mpole mwenye penseli sikioni na kiwanda ambacho kingeungua vizuri sana. Shemeji alimwendea kwa tabasamu lililonyooka.

"Shemeji, mpo?"

"Karibu, karibu." Mfanyabiashara alimshika mkono, kisha hakuuachia. Aliugeuza kiganja juu, akakigusa kwa kidole. Kilikuwa na sugu ngumu kama kisigino. "Mkaguzi wa bima?"

"Ndiyo. Kutoka makao makuu."

"Mkono huu ni wa jembe, ndugu yangu. Mimi nimezaliwa shambani, hunidanganyi." Hakusema kwa ubaya. Uso wake ulikuwa umechangamka, kama aliyempata mtu aliyemtafuta. "Ngoja nikuulize basi. Nimejaribu soya mwaka huu huko nyuma, ekari chache. Imekuwa njano, inakataa kukua. Sijui nimekosea wapi."

Mlango ulikuwa wazi. Mjinga yeyote wa kazi ile angeingia: dawa ya kutibu njano hiyo ingeweza kutengenezwa jioni hiyohiyo kwa majivu na maji ya bluu. Shemeji akafungua mdomo kuiuza.

"Ina umri gani?" alijikuta akiuliza. "Ulipaka unga wa vijidudu?"

"Nilipaka! Pakiti nzima. Niliinunua wiki mbili kabla, nikaitunza vizuri kabisa, mbele ya gari langu, pale kwenye kioo."

"Juani?"

"Ndiyo. Mahali pakavu."

Shemeji alishika kichwa kwa mikono miwili, na uchungu uliokuwa usoni mwake haukuwa wa kuigiza. "Umeviua! Ndugu yangu, vina uhai vile! Umeviua vyote!"

Akakaa juu ya rundo la mbao akamweleza. Alimweleza kivuli, na sukari, na unyevu. Alimwonyesha kwa kidole jinsi ya kufukia, akamwambia akang'oe mche mmoja leo hii apasue kinundu kama kipo, na kama ni cha kijivu asipoteze muda, msimu ujao akanunue pakiti mpya kwenye duka lenye friji, ni rahisi, mtu yeyote asimdanganye eti kuna dume na jike. Mfanyabiashara aliandika yote kwenye kipande cha ubao. Chai ililetwa, ikapoa. Walipoagana, mtu yule alimshika mkono kwa mikono miwili na kumwita kaka.

Shemeji alikuwa amefika kona ya barabara ndipo alipokumbuka kwamba hakuuza kitu. Alisimama hapo, mkoba wa bima za uongo kwapani, magari yanampita. Alifikiria kurudi. Lakini angerudi na uso gani kwa mtu ambaye ameshamwambia ukweli wote?